Tanga Lisilo na Chombo

Mpwa wangu yuko Ufaransa kimasomo. Mwaka huu, bila kumwambia mama yake mapema, ameanza kufundishwa kupaa kwa paramota. Dada yangu alipopata habari alilia kwanza, kisha akataka aelezwe kwa Kiswahili ni kitu gani hicho mwanawe anachofungwa mgongoni. Kijana akaniandikia: "Shikamoo mjomba. Nimejaribu kumweleza mama, nikakwama neno la kwanza tu. Hiki kitambaa cha juu kinaitwaje?"

Nikamjibu marahaba, nikamwomba siku tatu. Zimepita wiki tano. Maneno yalikuwa matamu mno kuyapitia mbio, na kila moja lilinifungulia mlango wa jingine. Nayaleta kwako msomaji, kwa kuwa lugha hii ni amana tuliyokabidhiwa sote, nawe una haki ya kunikatalia.

Jambo moja lilibadilisha namna yangu ya kupima. Mpwa alinieleza kwamba mwanagenzi anapokuwa hewani peke yake, mkufunzi hubaki chini, na sauti yake hufika kwa redio iliyomo ndani ya kofia. Nyuma ya shingo ya kijana injini inanguruma. Hapo neno refu halisikiki, neno linalofanana na jirani yake laweza kuua, na jina zuri lenye picha ya uongo humfanya mtu atende la uongo. Kwa hiyo sikuuliza tu neno limetoka wapi. Niliuliza pia: likitamkwa kwa ukali katikati ya kelele, linauambia mwili ufanye nini?

Tuanze na paramota yenyewe. Mwaka 1980 Mwingereza Mike Byrne alijifunga injini mgongoni, akapaa kwa parachuti, na kifaa chake akakipa jina hilo. Miaka sita hivi baadaye Wafaransa wakakitengeneza upya kwa kitambaa chepesi cha kutelezea milimani, na jina likasafiri nacho. Ile para ya mwanzo ni kipande cha parachuti, nacho asili yake ni kitenzi cha Kiitaliano chenye maana ya kukinga. Parachuti ni kinga ya kuanguka. Basi ukilichambua neno kwa kisu, paramota inakuwa kinga ya mota, na hapo maana imepotea.

Lakini sikio la Mswahili lina para yake. Tuna upara, tuna kupara samaki, na tuna kuparamia. Hili la mwisho ndilo lililonishika. Kuparamia ni kukwea mbiombio kwa mikono na miguu. Ni kulivamia jambo kabla hujalipima. Na gari lililoacha njia huparamia ukuta. Mwanagenzi akisikia paramota na kuparamia zikigongana masikioni, neno la ugenini limekwisha kumwonya kwa lugha ya mama yake.

Sina ugomvi na mkopo huu. Meli tuliikopa kwa Waingereza ikiwa ni barua zinazosafirishwa, kwetu ikageuka chombo kizima, na leo ni yetu kama jahazi, ambalo nalo tuliliazima kwa wengine zamani zaidi. Paramota nalo lipokewe, kwa vifaa vyote kwa pamoja: injini, kiti, mikanda na kitambaa. Kitambaa peke yake ndicho kinachodai jina la kwetu.

Mwandishi mwenye haraka hukimbilia mwavuli. Si kosa la bure. Majeshini tunao askari wa miavuli, na neno lenyewe ni zuri ukilitazama kwa ndani: mvuli, kivuli na mwavuli ni ndugu wa tumbo moja. Jina la Kiingereza la mwavuli nalo limetokana na kivuli cha Kilatini, na Wajerumani kitambaa hiki hukiita kwa neno lenye maana ya mwavuli wa kutelezea. Tungekuwa na wenzetu wengi njiani.

Hata hivyo mwavuli huwekwa juu ya kichwa ukasahauliwa. Ukishaufungua, kazi imekwisha. Parachuti ya askari inakaribia tabia hiyo, kwa kuwa hufunguka na kumshusha. Kitambaa cha paramota kina tabia nyingine kabisa. Kinakwenda mbele, kwa mwendo wa kilomita 30 hadi 50 kwa saa, na kinakuwa na umbo kwa sababu moja tu: hewa inaingia kwa midomo ya ukingo wake wa mbele na kuvijaza vyumba vyake. Kikiacha kwenda mbele, ni shuka. Mwaka 1978 Jean-Claude Bétemps na wenzake wawili, wote waruka parachuti, waliacha ndege wakakimbia kushuka mteremko wa mlima huko Mieussy, Ufaransa, hadi miguu ikaacha nyasi. Tangu siku ile mwavuli haukuwa mwavuli tena. Mwanagenzi anayeuita hivyo ataufungua na kuusahau.

Bawa? Kitaalamu ni bawa kweli, na sitamsahihisha anayelitumia. Ila bawa lina mfupa, na lina pacha wake.

Tanga ni nguo. Lina kamba, hutwekwa na kutuliwa, hujaa, hupwaya, hupigapiga, na bila upepo ni mzigo wa kubebwa begani. Wapo wanaodhani tanga la jahazi husukumwa kutoka nyuma tu, kama jani. Mabaharia wanajua zaidi. Chombo kikienda joshi, kikiukata upepo unaotoka karibu na mbele, tanga hilo halisukumwi; linavuta, kwa kanuni ileile inayomwinua tai. Waarabu waliliona hilo, na mchezo wa kuruka bila injini wakauita kuruka kwa tanga. Sisi tuliosafiri nao kwa pepo zilezile, kaskazi ya kuja na kusi ya kurudi, tuna haki gani ya kulikwepa? Kitambaa cha paramota ni tanga lisilo na chombo. Chombo ni mtu.

Rafiki niliyemsomea aya hiyo alinikatiza. Wingi wa tanga ni matanga, akasema, na matanga ni msiba. Utamwambiaje mama mwenye hofu kwamba mwanawe anacheza na matanga? Nilikaa kimya kitambo. Ni pingamizi la haki. Lakini watu wa Lamu na Pemba wameishi na neno hilo karne nyingi, wakitweka matanga asubuhi na kukaa matanga jioni ya msiba, na lugha haikuwachanganya hata siku moja, kwa kuwa vitenzi vinayatenga. Matanga ya chombo hutwekwa. Matanga ya msiba hukaliwa. Nikalibakiza tanga.

Zile nyuzi zinazoliunganisha tanga na mtu naziita vigwe. Uzi ni dhaifu mno kwa jina, kamba ni nene mno. Kigwe ni chembamba, kimesukwa, na hakikatiki ovyo.

Sasa tumtazame huyo aliye chini ya vigwe. Kiswahili kina hazina ya majina ya asiyejua, na si yote yana heshima. Kurutu ni wa kambini. Mshamba ni tusi. Limbukeni ni neno la kupendeza lililoharibika: kulimbuka ni kuonja mavuno mapya, mahindi ya kwanza ya shamba, na limbukeni angeweza kuwa mtu mwenye furaha ya kuonja. Tumemfanya aliyeleweshwa na upya wa jambo, na katika mchezo huu ndiye anayeumia: amepaa mara tano pakawa shwari, ya sita anataka apite chini ya nyaya za umeme. Ulimbukeni ni hatari yenye jina tayari, tulitumie. Mwenye kuanza kwa adabu ni mwanagenzi. Hilo ni neno la fundi na karakana, la aliyekubali kukaa chini ya mkono wa mwingine mpaka aive.

Hapo panazaliwa swali la kitenzi. Tunasema kujifunza, na ile ji katikati inamrudishia mtendaji kitendo chake: ninajifunza, ninajipa mwenyewe. Kwa kusoma vitabu hakina ubaya. Kwa paramota kinatia wasiwasi, kwa sababu wapo wanaonunua kifaa na kutaka kujipa mwenyewe hasa. Sheria haziwazuii kila mahali. Marekani, kwa mfano, tangu 1982 vyombo vyepesi vya mtu mmoja vya aina hii haviombi leseni ya urubani. Kwa hiyo kizuizi kinachobaki ni adabu, na adabu hukaa katika maneno. Nasema kufundwa. Ni kitenzi cha unyago na jando, cha bibi harusi na kungwi wake. Hakuna aliyewahi kujifunda. Mpwa wangu anafundwa kupaa, na dada yangu aliposikia neno hilo alipumua kwa mara ya kwanza.

Anafundwa nini kwanza? Siku nyingi hapewi injini. Anasimama uwanjani na tanga tu, analiinua, analishikilia juu ya kichwa lisilale kushoto wala kulia, linaanguka, analiinua tena. Mikono lazima ijue kabla ya miguu kuondoka. Mchezo huu sisi tunao: ni kupeperusha, kazi ya watoto wenye tiara ufukweni. Tiara, kwa walioizoea kama kishada, ni neno la Kiarabu la kitu kinachoruka; Waarabu wenyewe baadaye wakaipa eropleni jina la asili hiyohiyo, sisi eropleni tukaipa jina la ndege wa mitini, na watoto wakabaki na tiara yao.

Kitenzi hiki kina ukoo mkubwa: pepea, upepo, pepeta, peperuka, na siku hizi barua pepe. Tazama mwisho wake. Anayepeperusha anatawala. Upepo ukimzidi, tanga linamkokota nyasini, naye anapeperuka. Kati ya kutawala na kutawaliwa kuna sh na k. Mkufunzi wa Kiswahili atakayekuja siku moja aliandike hilo ubaoni asubuhi ya kwanza.

Kifaa cha mgongoni chenye mikanda na kiti, ambacho injini imefungwa nyuma yake, nimekiita mbeleko. Uzito wa injini na vyake ni kilo 20 hadi 35, sawa na mtoto aliyekwisha anza shule. Ardhini kijana anaibeba kama mama abebavyo mwana. Hewani mambo yanageuka na yeye ndiye anayebebwa. Sijui neno jingine la Kiswahili linaloweza kusema yote mawili. Tena kila mama anajua fundo la mbeleko hukaguliwa kabla ya hatua ya kwanza. Mikanda ya mapajani isipofungwa, mtu huondoka ardhini akining'inia kwapani, na wapo waliochomoka. Kagua mbeleko: amri fupi, na mwenye kuisikia ameshaona mtoto akidondoka.

Kinachozunguka nyuma ya injini kina jina kamusini: rafadha, neno la meli. Ni zuri, lina sauti ya maji. Mafundi wa boti husema propela. Mimi kwa mwanagenzi nachagua la mtaani, panga. Feni ya dari inaitwa pangaboi, na helikopta watu husema ina mapanga, umma umeshaamua. Rafadha haikati mtu. Panga linakata. Katika kumbukumbu za ajali za mchezo huu, kuguswa na panga ni katika visababishi vikuu vya majeraha, na mikono ndiyo inayolipa, mara nyingi injini inapowashwa chini, kabla ya safari, wakati mtu anadhani hatari bado haijaanza. Linazunguka zaidi ya mara 2,000 kwa dakika na macho hayalioni. Kitu kisichoonekana kinahitaji jina linaloonekana.

Ule uzio wa mviringo wenye wavu unaolizunguka panga ni kizimba. Kizimba cha kuku humlinda kuku asitoke na nyoka asiingie. Hiki ni cha simba. Na wavu wake, mwanagenzi aambiwe mapema, hausimamishi kiganja kilichosukumwa kwa nguvu.

Kwa kuongeza nguvu za injini sina la kubuni. Resi iko mikononi mwa kila mwenye pikipiki.

Upepo ndio mlango wetu mkubwa, na humu wazee wa vyombo hawakutuachia deni. Kupaa na kutua hufanywa kwa kuuelekea upepo. Kwa nini tuseme upepo wa mbele na upepo wa nyuma, wakati mbele ya mtu hugeuka kila anapogeuka shingo? Omo ni mbele ya chombo, tezi ni nyuma yake. Pepo za omo, upepo wa tezi. Maneno mafupi, sauti mbalimbali, hata redio mbovu haiyachanganyi. Methali yetu inasema kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mpwa wangu sasa anaijua kwa miguu, kwa sababu aliwahi kulitweka tanga kwa upepo wa tezi, akakimbia uwanja mzima bila kuinuka hata shubiri moja.

Hatari ya upepo isiyoonekana iko nyuma ya vitu: nyuma ya miti, nyumba, kilima. Hapo hewa huviringika na kulikung'uta tanga. Baharini upande upepo unakotoka ni joshini, na upande unakokwenda ni demani. Demani lina shughuli nyingi, ni kamba ya tanga, ni upande, na ni majira yale ya kusi ikiisha. Silioni kama tatizo. Kaa joshini mwa miti. Usitue demani mwa kilima. Ukilisema mara tatu linakaa.

Kuruka. Hapa nakuomba msomaji utulie, kwa kuwa nalipinga neno ambalo sote tunalitumia. Kiswahili kimekipa kitenzi kimoja kazi mbili, ya chura na ya ndege. Katika mazungumzo haidhuru. Lakini kosa la kawaida kabisa la mwanagenzi ni kuruka kwa maana ya chura: anakimbia, anahisi tanga linamvuta, anarusha miguu ili akae kitini. Uzito wake unacheza, tanga halijawa na mwendo wa kumbeba, anarudi chini kwa magoti, na panga linapiga ardhi. Mkufunzi anayepiga kelele "Ruka!" ameamuru ajali.

Basi kupaa. Kitenzi hiki hakina chura ndani yake. Moshi hupaa, mwewe hupaa, na hakuna hata mmoja anayejirusha. Mwanagenzi anakimbia, anaendelea kukimbia hata vidole vikigusa nyasi kwa mbali, mpaka ardhi imwache yenyewe. Na lile tendo la kabla, la kuliinua tanga kutoka chini hadi juu ya kichwa, ni kutweka. Mzigo hutwikwa kichwani, tanga hutwekwa mlingotini, maneno mawili yanayogusana mabega, na mpaa kwa paramota anayafanya yote kwa wakati mmoja. Tweka, kimbia, paa. Kuruka tuwaachie wachezaji wa kamba.

Kuelea nako kuna mtego, hasa kwa sisi wa pwani. Kiswahili hakitofautishi kuelea majini na kuelea hewani, na ufukwe ni uwanja mzuri wa kutweka. Akili inaweza kuteleza ikadhani kinachoelea hewani kitaelea pia majini. Paramota huelea hewani, majini huzama, na mikanda ya mbeleko haifunguki kirahisi mtu akiwa chini ya wimbi na vigwe vimemzunguka. Wazoefu wamekufa katika maji yasiyo na kina kikubwa. Kwa hiyo sitalitumia kuelea katika istilahi hizi hata mara moja, ingawa nalipenda.

Kamba mbili za mikononi, moja kila upande, lugha nyingi zimeziita breki. Kijana aliyekulia kwenye bodaboda anajua breki: hofu ikija, unakamata. Hewani mkono huo wa hofu ndio unaoangusha. Ukizivuta zote mno na kuziacha zimevutika, tanga hupoteza mwendo, na tanga lisilo na mwendo tumeshasema ni shuka. Naziita hatamu. Neno hilo limechoka kidogo kwa siasa, vyama vikizishika kila mwaka, na nataka lirudi kwenye kamba. Mwenye kupanda mnyama anajua hatamu huongoza kabla hazijazuia, na mkono mzito humvuruga mnyama mwenyewe. Tanga likiyumba, mwanagenzi hufundwa kupunguza resi na kuinua mikono. "Legeza hatamu!" Imetoshea redioni, na mkono unaoisikia unapanda wenyewe.

Tanga linapopoteza mwendo na kuacha kubeba, tunasemaje? Nilikuwa na jibu nililolipenda sana: kuzimia. Injini huzima, tanga huzimia, na tofauti kati ya kuzima na kuzimia ndiyo tofauti kubwa kuliko zote katika mchezo huu. Injini ikizima si msiba. Tanga linaendelea kwenda, linashuka taratibu, na mwanagenzi anatua bila mngurumo, mradi alikuwa na uwanja karibu. Tanga likizimia, hakuna kinachobeba. Nililiandika neno hilo kwa furaha, nikampelekea mpwa.

Akanijibu kwa heshima: "Mjomba, redioni nitasikia nini? Zima, au zimia?" Alikuwa sahihi, nami nilikuwa nimesahau kipimo changu mwenyewe. Nikalifuta. Injini huzima, tanga huzirai. Maana ileile ya mtu kupotewa na fahamu, sauti mbali kabisa.

Kuna tukio jingine ambalo si kuzirai. Hewa yenye vurugu hulipiga tanga, upande mmoja ukajikunja kama sikio la mbwa. Tanga limekunjika. Hapa Kiswahili kinafanya jambo ambalo lugha nyingi hazilifanyi: badilisha i iwe u, na tukio linarudi nyuma. Kunjika, kunjuka. Kama funga na fungua, ziba na zibua, choma na chomoa. Matanga yanayotengenezwa kwa ajili ya wanagenzi huwekwa daraja la kwanza la usalama kwa sababu hiyo hasa, kwamba yakikunjika hupenda kukunjuka yenyewe, mwenye hatamu asipoyaharakisha. Nimemwambia dada yangu: neno la kuogopa na neno la kupona ni neno moja, limebadilisha irabu.

Msukosuko wa hewa tunalo tayari, abiria wa ndege wanalijua. Kinachokosekana ni jina la ile hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini jua likishika. Iten, ukingoni mwa Bonde la Kerio, wanaopaa bila injini huitafuta kwa macho, wakiwafuata tai wanaozunguka ndani yake bila kupiga bawa. Napendekeza chemchemi za hewa. Huibuka mahali fulani na si pengine, hububujika, na husikika karibu na kuchemka. Kwa wale wa Iten chemchemi ni riziki. Kwa mwanagenzi wa paramota ni sababu ya kubaki chini adhuhuri, akapaa macheo au machweo hewa ikiwa imelala.

Kutua hakuhitaji fundi. Jua hutua, ndege hutua, mbeba mzigo hutua mzigo wake, na nahodha hulitua tanga. Lakini kuna lile vuto la mwisho, miguu ikiwa karibu na nyasi, hatamu zote mbili zikivutwa hadi chini ili mwendo ufe kabla ya kugusa. Likija mapema mtu hudondoka. Likichelewa huanguka kifudifudi. Nilihangaika nalo siku nne. Kisha nikaona kwamba kutua limezaa kutulia, na kutulia limezaa kutuliza. Mkufunzi na aseme "Tuliza!" Mikono inashuka yote, tanga linatulia, miguu inatua.

Limebaki rubani. Kabla ya ndege, rubani alikuwa mtu wa bahari, anayejua miamba na mikondo. Mwaka 1498 Vasco da Gama alifika Malindi, akapewa rubani wa kumvusha hadi India, kwa sababu meli alikuwa nazo na pepo hakuzijua. Naomba tusimpe mwanagenzi cheo hicho siku ya kwanza anayopaa. Apewe siku atakapoutazama mti, aone majani yanavyocheza, na aamue mwenyewe kwamba leo hapai.

Jana mpwa ameniletea ujumbe, safari hii kwa maneno yetu. "Shikamoo mjomba. Nimelitweka tanga mara sitini na mbili. Mbeleko nimekagua. Leo upepo ni wa tezi. Bado sijapaa." Nimeupeleka kwa mama yake kama ulivyo.